Njia za baiskeli kwenye mashamba ya watu: anzeni na maji

Ndugu, umeuliza mfanyeje ili wenye mashamba huko Mbale, mashariki mwa Uganda, wawaruhusu kuchonga njia za baiskeli za milimani, na kama inafaa kuwalipa kodi. Mimi na wenzangu tunajitolea kwenye njia za upande wa Sipi, Kapchorwa, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyaona huku.

Kodi iwekeni kando kwanza. Mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Elgon ana hofu mbili, maji na kupokonywa ardhi. Sote tunakumbuka Nametsi kule Bududa, Machi 2010, mlima ulipoporomoka ukafukia watu. Ukimwambia unataka kuchimba njia kwenye shamba lake, anachokiona ni mfereji wa kupeleka mvua kwenye mibuni yake. Na ana haki. Njia iliyonyooka kuelekea bondeni hugeuka korongo upesi sana kwenye udongo wetu.

Kwa hiyo siku ya kwanza nendeni na kipimo. Sisi hutumia ile fremu ya miti mitatu yenye umbo la A, yenye kamba na jiwe, ambayo mabwana shamba hupimia makingamaji. Wazee wanaifahamu, na wakiiona wanaanza kuzungumza nanyi kama wakulima wenzao. Miguu yake ikiachana mita 2, weka kigogo cha sentimita 20 chini ya mguu wa upande wa chini. Kamba ikitulia katikati ya mti wa kulala, hapo njia inashuka kwa asilimia 10, na wastani wa njia nzima usipite hapo. Tena mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa mteremko unaoukata, la sivyo maji yatafuata njia badala ya kuivuka. Uso wa njia ulalie kidogo upande wa bonde, na kila baada ya mwendo mfupi njia ipande kidogo kabla ya kuendelea kushuka, ili maji yatoke hapo.

Yatoke kuelekea wapi? Hilo aamue mwenye shamba. Wengi watakuonyesha migomba au matete; kahawa changa na ua wa jirani havifai kabisa. Tuta la fanya juu, yaani lile la udongo uliotupwa upande wa juu wa mtaro ili kuzuia mmomonyoko, lisikatwe, hata kama kuzunguka ncha yake kunawaharibia kona nzuri. Kwangu hili halina mjadala.

Tembeeni mstari wote pamoja naye kabla jembe halijagusa udongo. Mama wa nyumba awepo, maana mara nyingi ndiye anayelima pale na ndiye anayejua maji yalipita wapi mvua kubwa iliponyesha usiku. Jirani wa mpakani naye aitwe, hasa njia ikikaribia masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka.

Hofu ya pili inahitaji karatasi. Ardhi nyingi huku ni ya kimila na haina hati, na watu wameona njia ya kupita tu ikigeuka kuwa madai. Andikeni kwa lugha anayoisoma mwenyewe: hii ni ruhusa ya kupita, haitoi haki yoyote juu ya ardhi, na anaweza kuifunga akiwapa taarifa. Atie saini mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), abaki na nakala. Andikeni pia kwamba njia hufungwa wakati wa kuchuma kahawa kwenye kipande chake, na kukiwa na msiba.

Sasa malipo. Kodi ya kila mwezi siipendi, kwa sababu mwenye kipande kirefu na mwenye kipande kifupi watagombana, nanyi mtageuka mahakama. Wageni wakichangia, hesabu isomwe kijijini na wenye mashamba wagawane kwa namna waliyokubaliana wenyewe. Lililotujengea heshima zaidi ni kazi: siku ya kurekebisha njia, nusu ya siku tunazibua mitaro ya shamba pia. Fanyeni hivyo kabla ya mvua za Machi na Aprili, kisha rudini mvua ikiwa bado inanyesha, mtaona kila kosa la maji waziwazi.

Boda boda watazipenda njia zenu. Nguzo mbili zilizobanana za kuwazuia hazisaidii, kwani usukani wa pikipiki na wa baiskeli ya milimani karibu ni sawa kwa upana. Lazeni gogo nene: baiskeli inabebwa, pikipiki haibebeki. Ila ulizeni kwanza kama mwenye shamba mwenyewe hupitishia kahawa yake hapo kwa pikipiki.

Mkifika mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, simameni. Ruhusa ya huko hutoka kwa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, hata kama mwenye shamba wa mwisho anasema hakuna shida.

Vifaa: majembe, sururu, sepetu, panga na reki vinatosha kuanzia. Msumeno azimeni, na mti wowote usikatwe kabla mwenyewe hajauwekea alama.