Sanduku la Wasomaji: Kara, Hera na Meli Zilizotupwa Juani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu Daybreak, sehemu iliyofunga Machi 2009 kipindi cha televisheni Battlestar Galactica, hadithi ya binadamu wachache wanaokimbia angani mbele ya Cylon, mashine zilizowaasi. Majibu yanafichua kila kitu. Kama hujafika mwisho, ruka ukurasa huu.

Rubani Kara Thrace alikuwa nini hasa? Mwenzake Lee anageuza shingo, anarudisha macho, mtu hayupo. Mwandishi aliishiwa?

Tuanze na ushahidi. Ndege yake ya kivita, Viper, ililipuka katika sehemu iitwayo Maelstrom, msimu wa tatu. Mwishoni mwa msimu huohuo akarudi na Viper mpya isiyo hata na mkwaruzo. Msimu wa nne, kwenye ile Dunia ya kwanza iliyoteketea, akakuta mabaki ya chombo chake cha zamani na ndani yake maiti yake mwenyewe, akaichoma moto. Kwa hiyo Kara alikufa, na hapo hapana fumbo. Fumbo ni aliyerudi. Jibu lililo karibu zaidi na yanayoonekana kwenye skrini ni kwamba ametumwa na yuleyule anayemtuma Six wa kichwani mwa Baltar, yule mwanamke wa Cylon ambaye mwanasayansi huyo humwona peke yake, ila huyu anagusika na kila mtu anamwona. Mtayarishaji Ronald D. Moore amekwisha kusema hadharani kuwa waliamua kwa makusudi wasimpe jina.

Wengi mmelalamika kwamba Mungu kaletwa dakika za lala salama. Hapo hatuko pamoja. Six anamhubiria Baltar habari za Mungu tangu mwanzo kabisa. Katika The Hand of God, msimu wa kwanza, Baltar anatakiwa aonyeshe pa kupiga kwenye kiwanda cha mafuta cha Cylon, hajui lolote, anabahatisha kwa kidole, na ndipo penyewe. Aliyeliona hilo akalicheka hana haki ya kushangaa misimu mitatu baadaye.

Kasoro ya Kara tunaiona kwingine. Kazi yake yote inaishia kwenye kubonyeza namba: nukta alizochora mtoto Hera ni noti za wimbo, noti zikapewa namba, namba zikawa anwani ya kuirusha meli hadi Dunia yetu. Ni hesabu safi, lakini mtoto na wimbo vingeweza kumfikia mtu mwingine yeyote mwenye kinanda. Mwandishi alimrudisha rubani bora wa meli nzima kutoka kuzimu, kisha akampa kazi ya mpiga chapa.

Mwishoni tunaambiwa Hera ndiye "Hawa wa mitokondria". Je, kisayansi inakaa?

Nusu inakaa, nusu inavuja, na nusu inayokaa ni ya kutisha kuliko kipindi chenyewe kilivyotamka.

Mitokondria ni viungo vidogo ndani ya seli vyenye DNA yao wenyewe, na DNA hiyo mtoto huirithi kwa mama tu. Ukifuata mama, mama wa mama, na kuendelea, watu wote walio hai leo wanakutana kwa mwanamke mmoja. Hakuwa mwanamke wa kwanza duniani, wala hakuwa peke yake. Wenzake wa wakati ule nao wana vizazi hadi leo, ila mahali fulani njiani mnyororo wao wa mama kwa binti ulikatika kwa mwanamke aliyezaa wavulana watupu au asiyezaa kabisa. Utafiti wa Cann, Stoneking na Wilson uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1987, kwa sampuli za watu 147, ulimweka Afrika yapata miaka 200,000 iliyopita. Miaka 150,000 iliyopita, wakati ambao kipindi kinawafikisha wahusika kwenye Dunia yetu, si mbali na hapo.

Sasa panapovuja. Jarida analolisoma Six katika onyesho la mwisho, New York ya zama zetu, linasema mabaki ya msichana yamepatikana Tanzania na huenda ndiye Hawa huyo. Haiwezekani kumtambua kwa mifupa. Hawa wa mitokondria hupatikana kwa kukokotoa tofauti za DNA za watu walio hai, na hakuna fuvu linaloweza kutoa ushahidi kwamba binti zake walidumu. Tena, ili Hera astahili cheo hicho ni lazima awe amezaa mabinti wasiopungua wawili ambao nasaba zao zimefika kwetu. Akizaa mmoja tu, cheo kinamshukia huyo binti. Na kama alikufa msichana, kama jarida linavyodokeza, basi alikuwa na haraka.

Na linalotisha ni hili. Mama yake Hera ni Athena, Cylon. Baba yake, Helo, ndiye binadamu. Kwa kuwa mitokondria hupita kwa mama peke yake, Helo hakutia chochote katika mstari huo. Ukiwafuata waandishi neno kwa neno, kila seli yako yenye mitokondria inaendeshwa na mtambo wa Cylon. Kipindi kizima kiliuliza nani mashine na nani mtu, kisha jibu kali kuliko yote likapita katika sentensi moja ya jarida bila mtu kulisisitiza.

Watu waliosota angani miaka yote ile wanakubalije kutupa meli, dawa na vifaa vyao bila ugomvi?

Hapa ndipo hasira zenu zilipaswa kuelekezwa, si kwa Kara. Walionusurika hawafiki 40,000, na katika misimu minne hawajawahi kukubaliana hata juu ya mgao wa maji. Leo Lee anatoa wazo, na wote wanaitikia. Hatuonyeshwi kura wala hatuonyeshwi nahodha mmoja anayegoma kuachia meli yake. Moore alitaka mzunguko wa binadamu kuunda mashine zinazomwasi uvunjike, na hilo ni wazo lenye uzito, lakini wazo la mwandishi si uamuzi wa wahusika. Onyesho moja la dakika tano la mabishano lingetosha.

Gharama yenyewe pia haikuhesabiwa. Baltar anamwambia mpenzi wake Caprica kwamba anajua kilimo, na sauti inamkatika. Ni kati ya nyakati bora za kipindi. Ila kilimo tunachokijua kilianza miaka kama 12,000 iliyopita. Toa kwenye 150,000: ujuzi wa Baltar ulipotea kwa zaidi ya miaka 130,000. Maana yake mashamba yale yalishindwa, na maandishi pia, na kila walichokuja nacho vichwani.

Kuhusu kuzitupa meli Juani, wengi hudhani ni kuziachia tu zidondoke. Dunia inalizunguka Jua kwa kasi ya takriban kilomita 30 kwa sekunde, na chombo kinachotoka hapa kinaondoka na kasi hiyohiyo. Ili kiangukie Juani lazima karibu yote ifutwe, wakati kutoroka kabisa mfumo wa Jua kunataka kuongeza kama kilomita 12 tu. Anders, aliyeziongoza meli hadi Juani, angetumia mafuta machache zaidi kuzitupa gizani. Lakini ni kweli, moto unapendeza zaidi kwenye picha.

Mkono wa maiti kurusha mabomu ya nyuklia: bahati au uvivu?

Vyote viwili. Jiwe la angani linampiga rubani Racetrack, baadaye mkono wake uliokufa unaangukia kitufe, makombora yanaimaliza Koloni, makao ya Cylon. Ndani ya hadithi ni mkono uleule ulioongoza kidole cha Baltar. Tatizo ni kwamba unafika dakika chache tu baada ya Tyrol kumnyonga Tory na kuvunja mapatano na Cylon kwa kosa la kibinadamu kabisa. Vita ilikwisha kuharibiwa na watu, haikuhitaji jiwe.

Nataka kuirudia yote. Razor na The Plan niziweke wapi?

Anza na filamu ya sehemu mbili ya 2003. Wengi huikosa kwa sababu huwekwa kando na misimu, wakaanzia 33, sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza, na kujikuta katikati ya msafara unaokimbizwa kila baada ya dakika 33 bila kujua kwa nini. Filamu ya Razor matukio yake mengi ni ya msimu wa pili, lakini itazame baada ya wa tatu: ina utabiri juu ya Kara ambao ukiusikia mapema unaharibu Maelstrom. Filamu ya The Plan iwe ya mwisho kabisa, baada ya Daybreak, maana inataja waziwazi Cylon ambao msimu wa nne unakuficha. Na Daybreak ipo pia katika toleo refu lililounganishwa. Chagua hilo, kwa sababu kumbukumbu za sayari ya Caprica kabla ya mashambulizi hupumua vizuri zaidi humo.