Nyie wa redio za mita 40, acheni kukata waya

Juzi tena kijana kanitumia voisi, yakhe karibu analia, eti SFI, kipimo cha nguvu ya jua, iko juu, 180, na bendi ya mita 40 imekufa, sasa anataka kupanda juu akaikate daipo, antena yake ya waya. Nkamuuliza ulikaa redioni saa ngapi? Saa tisa mchana! Khaa.

1. Chati za VOACAP, programu ya kubashiri mawimbi, zinasema UTC, saa ya dunia, si saa yetu. Hili mie limenitia adabu. Nilipanga na binamu yangu wa Muscat tukutane mita 40, chati inaonesha njia inafunguka vizuri kuanzia 17, mie nkaisoma saa kumi na moja jioni, na mwezi wenyewe Ramadhani, nkasema poa, tunapiga stori mpaka adhana. Nimeita wee, kimya. Jua bado liko juu, tabaka la D huko angani linameza mawimbi yote, lakini mie nishaamua antena ndo mbovu, nkapanda juu ya bati na koleo nkapunguza waya huku na huku, SWR, kipimo cha antena kupatana na redio, ikaharibika, nkapunguza tena! Adhana ikanikuta huko huko juu, mama anapiga kelele uji unapoa. Nkashuka nkazima redio. Binamu kaja saa mbili usiku yetu, ndo 17 yenyewe hiyo, kaita 5H1, mwito wetu wa Zanzibar, mpaka koo limemkauka, na kesho yake kanipigia simu hata salamu hakunipa. Waya nao ushakuwa vipande, nkaenda sokoni Darajani kununua mwengine. Basi shikeni, kupata UTC: mchana saa yetu ongeza 3, usiku ongeza 15, ikipita 24 toa 24.

2. SFI peke yake haitoshi, tazama na K, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia. Ikifika 5 ni dhoruba, kalale.

3. Daipo ni 142.5 gawa kwa MHz, unapata mita ncha hadi ncha. Kata ndefu kwanza, sababu mshaijua.

4. Kabla hujasema mita 20 imekufa sikiliza bikoni, stesheni za kupima njia, kwenye 14.100 MHz, ziko 18, kila moja sekunde 10, mzunguko dakika 3. Ukiipata ZS6DN ya Afrika Kusini basi kusini kuko wazi, ila watu hawaiti, kila mtu anasikiliza tu kama wewe. Ita!

5. Miaka jua linapokuwa na madoa mengi, Machi na Septemba jioni, washeni mita 6. Mawimbi yanavuka ikweta yanaweza kufika mpaka Kupro na Ugiriki, na wenzenu huko wanaitafuta 5H1 kwa udi na uvumba, nyie mko barazani mnabishana antena ya nani ndefu.