Siku za mwisho Ulaya na njia ya kurudi Mombasa: msibane mji mmoja zaidi

Mwanangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Wewe na mumeo mwaanzia Paris, mwapita Roma, mwamalizia Lisbon, na sasa mwataka kuzimega zile siku za mwisho muione na Amsterdam kabla ya kurudi. Tena wauliza lipi bora: kushuka Nairobi mkamalizia kwa treni ya SGR, au kutafuta ndege ya kuwaleta hadi Mombasa. Mimi na mume wangu tulimalizia Lisbon vilevile, kwa hivyo nakujibu kwa niliyoyaona, na kwa urefu, maana mwishoni ndipo safari nyingi nzuri huharibikia.

Amsterdam iacheni. Si mji mbaya, lakini kutoka Lisbon ni karibu saa tatu angani kwenda na saa tatu kurudi. Jumlisha kufunga mabegi, kurudisha ufunguo wa nyumba, kuwahi uwanjani na kutafuta malazi upande wa pili, siku mbili zimekwenda na hamjaona kitu. Kubwa zaidi ni tiketi. Ndege ya bei rahisi ya kuwarudisha Lisbon itakuwa na tiketi yake, na ndege ya kuja nyumbani ina tiketi yake. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haiwangoji, na hasara ni yenu. Siku za mwisho kaeni katika mji mtakaorukia. Lisbon yafaa sana kwa hilo: uwanja wake uko mjini, na metro ya laini nyekundu hufika hapo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliandiki. Kufikia wiki ya mwisho, hata wapendanao huwa wamechokana. Mmekuwa pamoja usiku na mchana, chumba kimoja, na kila saa kuna la kuamua: tule wapi, tushuke kituo gani, pesa zimebaki ngapi. Tulipokuwa Roma mimi na mzee wangu tulishaanza kujibizana kwa mambo ya bure, nani kaweka wapi chaja, nani aliyesema tupande basi hili. Lisbon tukakubaliana kwamba kila siku tutoke kwa jambo moja tu, na alasiri iwe ya kupumzika. Tulipanga nyumba ndogo yenye jiko karibu na uwanja wa Martim Moniz, katikati ya mji. Hapo jirani kuna Rua do Benformoso, mtaa uliojaa maduka na mikahawa ya Wabangladeshi: nyama ya halali ipo, mchele upo, bizari, pilipili mbichi, hata tui la kopo. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, kupaka kwa kubahatisha maana ukwaju sikuupata. Mume wangu alikula sahani mbili kimya, kisha akaanza kunisimulia habari kama alivyokuwa akinisimulia siku za mwanzo. Ijumaa alikwenda kuswali Msikiti Mkuu wa Lisbon, ule uliofunguliwa 1985, akarudi na marafiki wapya wa Kimsumbiji. Ikiwa mna uwezo wa kuchagua kati ya hoteli nzuri na nyumba ya kawaida yenye jiko, kwa siku za mwisho chagueni jiko.

Viatu ni muhimu kuliko mnavyofikiri. Njia za mji ule zimetandikwa vijiwe vyeupe vilivyong'aa kwa kukanyagwa, vyateleza hata bila mvua, na kila mtaa ni kupanda au kushuka.

Jambo moja msilikose ni Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto, na nawaambia nyinyi kama watu wa Mombasa. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa 1501, na sehemu ya pesa zake zilitokana na kodi ya biashara ya Afrika na mashariki, biashara ile iliyopita pwani yetu. Ukiingia kanisani, mkono wa kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama. Alifia Kochi, Uhindi, mwaka 1524, mabaki yake yakaja kuwekwa hapo. Sanamu yake imelala chali juu ya jiwe, viganja vimekutanishwa kifuani, na ubavuni wamechonga merikebu yenye matanga. Mtu huyu alitia nanga mbele ya Mvita, yaani Mombasa yetu, Aprili 1498, hakuaminiana na wenyeji, akaenda zake Malindi alikopata rubani wa kumvusha hadi Uhindi. Mwaka 1505 Wareno wakarudi chini ya Francisco de Almeida, wakauteka mji wetu wakautia moto. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na mwaka 1698 Waomani wakaitwaa.

Mimi nimekulia Mji wa Kale. Kuta za Ngomeni, hiyo Fort Jesus, nazijua tangu sijajua kusoma, nimecheza chini yake, nimepita hapo nikienda chuoni. Kusimama mbele ya kaburi la mtu yule kulinikaza kifua. Watu walikuwa wakipiga picha na kupita. Mume wangu akaniuliza kama nataka kutoka, nikamwambia bado. Tukawaombea rehema waliouawa Mvita, tukasimama mpaka nilipotosheka. Sijawahi kuona maonyesho yoyote, popote, yaliyonigusa kama kaburi lile, na ningesikitika sana kama watu wawili wa pwani wangefika mji ule wakarudi bila kulifikia kwa sababu walikuwa Amsterdam wakitafuta hoteli.

Ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa mto Tejo, kuna mnara wa Padrão dos Descobrimentos, wa 1960, na chini yake ramani ya dunia iliyotandazwa kwa mawe ya rangi, zawadi ya Afrika Kusini. Mume wangu aliifuata pwani ya Afrika kwa miguu, kutoka Rasi ya Tumaini Jema akipanda juu, akasimama palipo petu, akanipungia mkono nimpige picha. Hiyo ndiyo picha tuliyoitundika sebuleni, si ya Paris.

Na jioni moja teremkeni kituo cha Cais do Sodré mpande feri ya kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto. Ni dakika kumi hivi, ni kama feri yetu ya Likoni isiyo na msukumano, na mtauona mji wote umekaa juu ya vilima vyake jua likizama. Nauli yake ni ndogo na hakuna haja ya mwongozaji.

Sasa makaratasi. Mkinunua mkoba wa ngozi Italia au nguo Ufaransa, mwombe dukani fomu ya kurudishiwa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, pasipoti mkononi. Italia ununuzi lazima upite yuro 70, Ufaransa upite yuro 100. VAT yenyewe ni asilimia 22 Italia na 20 Ufaransa, ingawa kinachorudi ni pungufu kwa sababu kampuni za kurudisha hukata chao. Idhini ya forodha haipatikani Roma wala Paris, hupatikana pale mnapotoka Umoja wa Ulaya, na kwenu ni Lisbon. Nendeni kwa forodha kabla ya kukabidhi masanduku, kwa maana afisa aweza kutaka kuiona bidhaa yenyewe. Mbele yetu kulikuwa na mume na mke waliokuja na risiti zimepangwa vizuri kwenye bahasha, lakini mikoba yenyewe ilikuwa imeshapita kwenye mkanda. Waliondoka bila kitu, na yule mama alikuwa karibu kulia.

Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, itazameni kwa makini: kuna tarehe yake ya mwisho, na kuna idadi ya siku mnazoruhusiwa kukaa, nazo si kitu kimoja. Siku ya kuingia huhesabiwa na siku ya kutoka huhesabiwa. Msikate tiketi ya kurudi ikaangukia siku ile ile ya mwisho, kwani ndege ikifutwa mtajikuta hamna ruhusa ya kulala. Tena tangu 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandikisha wageni kwa alama za vidole na picha ya uso badala ya kugonga muhuri, kwa hivyo ipeni foleni ya uhamiaji muda wake. Sisi tulifika zaidi ya saa tatu kabla ya ndege na hatukujuta.

Zawadi, kwa watu wetu, haziepukiki. Mkirudi mikono mitupu mtasemwa hadi Idi. Lisbon ina kitu kimoja kizuri kwa hilo: dagaa wakubwa wa kopo, wa mafuta ya zeituni, makopo yenye rangi za kupendeza, hayavunjiki na hayamwagiki. Mafuta ya zeituni ya chupa na asali yafungeni kwa nguo katikati ya sanduku, kwani mkononi hamtaruhusiwa chombo kinachopita mililita 100. Usiku wa mwisho tulikaa sakafuni na kile kimizani cha kuning'iniza sanduku, tukahamisha makopo kutoka kwangu kwenda kwake na kurudi, mpaka yote mawili yakasoma chini ya kiwango. Na mifuko ya plastiki ya madukani itoeni kabisa kabla ya kuondoka. Kenya imeipiga marufuku tangu 28 Agosti 2017, hata ile ya maduka ya uwanja wa ndege huachwa pale mnaposhukia.

Kuhusu njia, jibu langu ni tiketi moja hadi Mombasa, hata ikizidi bei kidogo. SGR naipenda, na tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500, si haba. Lakini fikiria hali mtakayokuwa nayo. Mmekesha angani, mwapita uhamiaji Nairobi, mwachukua masanduku, mwatafuta teksi ya Syokimau, mwakaguliwa mizigo upya na mbwa wakinusa, mwakaa saa tano au sita za reli, kisha Miritini mwaanza tena kutafuta gari. Na tiketi ya treni mmeshailipia kwa saa maalumu, hali ndege haina hakika ya kufika saa yake.

Tiketi moja ina ulinzi ambao wengi hawaujui. Kanuni namba 261 ya 2004 ya Umoja wa Ulaya humlinda abiria yeyote anayeanza safari katika uwanja wa Umoja huo, shirika liwe la Ulaya au la kwingine. Ikiwa mmefika mwisho wa safari mmechelewa saa tatu au zaidi, na sababu si ya dharura kama vile hali mbaya ya hewa, kuna fidia, na kwa safari inayopita kilomita 3,500 yaweza kufika yuro 600 kwa kila mmoja. Safari yote ikiwa kwenye tiketi moja, mwisho wa safari ni Mombasa. Ikiwa kipande cha mwisho mmekinunua kwa tiketi nyingine, fidia ya kipande hicho haipo, na ndege mliyoikosa ni juu yenu.

Sisi tulipitia Istanbul. Saa za Uturuki ni sawa na za kwetu mwaka mzima, kwa hivyo hapo hapo tulirekebisha saa zetu, tukala kwa saa za Mombasa, tukaswali kwenye vyumba vya kuswalia, na mwili ukaanza kurudi nyumbani kabla yetu. Kwenye ndege ya pili simameni mtembee kila baada ya muda. Miguu ya mume wangu huvimba, na viatu vya kufunga alivilegeza mapema.

Tulishuka uwanja wa Moi usiku. Mlango ulipofunguliwa lile joto likatupiga usoni, lenye unyevu na harufu ya bahari, na mume wangu akasema alhamdulillahi kwa sauti hadi abiria wa nyuma wakaitikia. Sanduku langu lilikuja, lake halikuja. Hapa ndipo watu hukosea kwa kutaka kulala: waenda nyumbani wakisema watapiga simu kesho. Msitoke ukumbini. Nendeni kwenye dawati la mizigo, jazeni ripoti ya mzigo uliopotea, mwandikiwe namba, na kile kibandiko cha mzigo kilichogundishwa kwenye pasi ya kupandia ndege kipigeni picha. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo, unampa abiria siku 7 kulalamika kwa maandishi mzigo ukiwa umeharibika, na siku 21 tangu kuupokea ukiwa umechelewa. Kwa sababu ya ile namba tuliyokuwa nayo, sanduku lililetwa hadi mlangoni, makopo yote salama. Dawa za presha za mume wangu zilikuwa mkononi mwangu, na zenu pia ziwe hivyo.

Kwa kuwa umesema mwakaa Ukunda, usiku huo msihangaike na feri. Kutoka uwanjani mwambieni dereva apite barabara ya Dongo Kundu, mtatokea upande wa kusini bila kuingia kisiwani. Na kazini ombeni siku moja ya ziada, mumeo asitoke kwenye ndege akaingia ofisini.

Mkishapata tarehe na namba za ndege zilete hapa tuutazame muda wa kubadilisha ndege. Chini ya saa mbili Istanbul msikubali, uwanja ule una mwendo mrefu sana kutoka mlango hadi mlango.