Wamarekani wamegawanyika, wamepasuka au wamefarakana?

SWALI: Natafsiri habari za kimataifa hapa Morogoro. Nilipewa makala inayodai kuwa siasa na utamaduni vimewatenga Wamarekani kuliko watu wengine wa Magharibi. Nikaandika "mgawanyo mkubwa wa Wamarekani". Mhariri akafuta, akaweka "mpasuko". Mwenzangu wa meza ya pili anashikilia "mfarakano". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mgawanyo hapana, na hapo mhariri wako alikuokoa. Mgawanyo ni kazi ya mtu anayegawa: mgawanyo wa mapato, mgawanyo wa madaraka. Anayesoma "mgawanyo wa Wamarekani" atadhani unaeleza wangapi wanakaa Texas na wangapi California. Ulilokusudia ni mgawanyiko. Ile -ik- ya gawanyika inatuonyesha hali iliyotokea, bila kumtaja aliyeisababisha.

Ila mgawanyiko nao ni mpana mno kwa makala yako. Watazame Wabelgiji. Kaskazini wanasema Kiholanzi, kusini Kifaransa, na kila upande una vyama vyake vya siasa. Mwaka 1968 iliamuliwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven kitenganishwe kwa lugha. Ilipofika zamu ya maktaba, vitabu vyenye namba witiri vikaenda upande mmoja, vya namba shufwa upande wa pili. (Namwonea huruma mwanafunzi aliyekuwa akisoma kitabu chenye juzuu mbili.) Hapo Kiswahili kinatupa vitenzi viwili kutoka shina moja: chuo kiligawanyika, vitabu wakagawana. Mwaka 2010 hadi 2011 nchi hiyo ilikaa siku 541 bila serikali kamili, na watu wakaendelea kwenda kazini. Huo ni mgawanyiko, tena mkubwa.

Ya Marekani ni mengine. Mwaka 1960 wananchi huko waliulizwa kama wangeudhika mtoto wao akifunga ndoa na mtu wa chama kingine. Waliosema ndiyo walikuwa kama 5 katika kila 100. Swali la aina hiyo liliporudiwa mwaka 2010, waliosema wangeudhika walikuwa karibu nusu ya wafuasi wa Republican na theluthi ya wafuasi wa Democratic. Hapa hakuna anayebishania kodi. Mtu anamkataa mkwe ambaye hajamwona.

Ndipo mwenzako wa meza ya pili anapopata hoja. Farakana ina -ana ya kutendana, haimhusu mmoja. Na hatuisemi kwa watu baki. Wanaofarakana ni ndugu, mume na mke, waumini wa msikiti mmoja, yaani watu waliokuwa kitu kimoja kwanza. Kwa chuki inayoingia sebuleni, mfarakano ndilo neno. Ukitaka kitenzi kikali zaidi, andika kuwa wamefikia kususiana.

Mhariri naye hakukosea, na nadhani najua alikolitoa. Desemba 2005 Rais Kikwete alilihutubia Bunge akazungumzia mpasuko wa kisiasa Zanzibar, na tangu hapo neno hilo limekaa midomoni mwa wanasiasa. Wazanzibari walijua maana yake kabla hata halijatamkwa bungeni: watu walikuwa wakisusiana harusi na maziko kwa sababu ya chama. Lakini kinachopasuka, kama ubao au kanga, kwa kawaida hufuata mstari mmoja na kuacha pande mbili. Kwa Marekani yenye vyama viwili vikubwa, sawa. Kwa Uholanzi, ambako uchaguzi wa 2023 uligawa viti 150 vya bunge kwa vyama 15, huwezi kusema mpasuko. Hao wamemeguka vipande vipande.

Kuna neno jingine la kuchunga, nalo ni "kuliko". Watafiti Boxell, Gentzkow na Shapiro walipima nchi 12 tajiri kwa takriban miaka 40: mtu anakipenda chama chake kiasi gani, na anavionaje vya wapinzani. Pengo lilipanuka Marekani kwa kasi kuliko kote. Sweden, Norway na Ujerumani lilipungua. Hiyo ni kasi. Ukilinganisha kiwango chenyewe cha chuki, Wahispania na Wagiriki si wa kuachwa nyuma. Kwa hiyo "wamefarakana kuliko wote" na "wanazidi kufarakana kwa kasi kuliko wote" ni habari mbili tofauti, nami ningekuchagulia ya pili.

Kwa kuwa makala inalinganisha nchi, utakutana pia na "waliberali". Marekani ni watu wa mrengo wa kushoto. Ujerumani chama cha kiliberali, FDP, ni cha watetezi wa soko huria, na chama kinachoitwa Liberal huko Australia ndicho cha wahafidhina. Usiliache neno hilo peke yake. Taja nchi kila mara. Rangi nazo ni hivyo hivyo. Nyekundu ilishikamana na Republican baada ya uchaguzi wa 2000 tu, pale televisheni zilipokesha wiki kadhaa na ramani za kura. Uingereza nyekundu ni ya Labour, na bluu ni ya Conservative. Ukiandika "majimbo mekundu" ukaishia hapo, msomaji wako aliyepo London atakuelewa kinyume.