Wasomaji wauliza: Mbona bakuli la jakaranda linapasuka?

SWALI: Mvua iliangusha jakaranda mtaani kwetu, nikaomba magogo. Kwa mashine inayozungusha mbao nilikereza mabakuli matatu ya upana wa sentimita 25, nikayapiga msasa na kuyapaka mafuta siku hiyo hiyo. Wiki haikuisha, yote yakapata nyufa. Je, mti huu haufai?
*Msomaji, Kileleshwa*

JIBU: Mti unafaa sana, ulichoukosesha ni muda. Mbao mbichi ikikauka hunywea, na hainywei sawasawa: kwa kufuata mzunguko wa gogo hunywea karibu maradufu ya inavyonywea kutoka kiini kuelekea gome. Kiini kikibaki ndani ya bakuli, mvutano huo huleta ufa.

Pasua gogo katikati na uondoe kiini chote pamoja na sentimita mbili hivi za mbao inayokizunguka. Kisha kereza bakuli nene, sehemu moja ya kumi ya upana wake. Lako liwe na unene wa sentimita 2.5, mdomoni hadi kitakoni. Unene ukitofautiana, pembamba patakauka kwanza na papo ndipo patakapopasuka. Anza na mashine kwenye mizunguko 400 hadi 500 kwa dakika. Likishatulia unaweza kufika 900.

Sasa angalia bakuli kwa karibu. Pande mbili zinazotazamana utaona ncha za nyuzi zilizokatwa, kama vitundu vidogo vidogo. Hapo ndipo maji hutokea kwa kasi, basi paka nta. Tia bakuli kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, mbali na jua na upepo. Plastiki hapana, litaota ukungu. Lipime kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike uzito kwa penseli chini ya kitako. Uzito usipobadilika wiki tatu mfululizo, limekauka. Hesabu miezi kadhaa. Litakuwa limepinda kama yai, na ule unene ndio utakaokuwezesha kulikereza upya liwe duara.

Kama huwezi kungoja, kereza hadi milimita 4 au 5 kila mahali kwa mkao mmoja. Litapinda, lakini mbao nyembamba hukubali kupinda kuliko kupasuka.

SWALI: Nilimkerezea dada yangu kijaluba cha muhugu. Hapa Nairobi kifuniko kilikaa barabara, lakini kule Mombasa hakifunguki. Nifanyeje?
*Msomaji, Umoja*

JIBU: Asikichokonoe kwa kisu, atavunja mdomo. Akiweke siku chache katika chumba chenye kiyoyozi. Mbao imekunywa unyevu wa pwani ikafura, na kwa kuwa hufura zaidi upande mmoja, duara limekuwa yai ndani ya yai jingine.

Safari ijayo, toa kifuniko na mwili kwenye kipande kimoja, nyuzi zikielekea juu na chini ya kijaluba. Chimba vyote viwili ukiacha kuta za milimita 8 hadi 10, uviache wiki tatu au nne, ndipo umalize. Ulimi, yaani ukingo wa mwili unaoingia ndani ya kifuniko na kukishika, uwe na urefu wa milimita 5 au 6. Uanze umechongoka kidogo, ubonyeze kifuniko huku ukikizungusha kwa mkono: kitaacha mstari unaong'aa. Mstari huo ndio kipimo chako. Nyoosha ulimi wote kwa kipimo hicho, maana ulimi uliochongoka hukitema kifuniko. Kinachokwenda pwani kiache kilegee kidogo. Na msasa ukichoma vidole, pumzika, kwa sababu joto huleta nyufa nyembamba kama unywele kwenye mbao ngumu.

SWALI: Nikichimba chombo cha maua cha kina cha sentimita 20, patasi hunyakuliwa mkononi.
*Msomaji, Kariobangi*

JIBU: Toboa kwanza katikati kwa keekee ya milimita 25, ukibakiza milimita 12 chini. Kisha kata kutoka katikati kwenda nje. Ukianzia ukingoni unapingana na nyuzi. Tumia patasi ya kukwangua yenye chuma kinene, ncha ikiwa juu kidogo ya mstari wa katikati. Ikilemewa itashuka kwenye uwazi badala ya kuzama ukutani. Maranda yakijaa ndani hubana patasi, hivyo zima mashine mara kwa mara uyatoe kwa kijiti, usitumie vidole. Usivae glavu wala mikono mirefu. Maji ya maua yatie kwenye bomba la kioo ndani yake, mbao isiguswe.