Kisanduku cha mbao ya thuya, Essaouira

Dada, uliuliza jinsi ya kununua kisanduku cha thuya, mti wa Morocco wenye mbao ya kunukia, mjini Essaouira, kwenye pwani ya Morocco. Anzia karakana zilizo chini ya ngome ya Skala, upande wa baharini. Pale unamkuta fundi mwenyewe akipiga msasa.

Kabla ya bei, kagua. Fungua kifuniko unuse: thuya ina harufu kali ya utomvu. Geuza upande wa chini, kisha tazama kona. Mbao nzima ya mzizi wa thuya, isiyobandikwa, huwa na alama za mviringo kama macho, na mchoro wake huendelea hadi ukingoni. Ukiona mstari mwembamba kama karatasi iliyobandikwa, hilo ni ganda tu juu ya mbao nyingine. Vanishi nene ing'aayo ikutie shaka, maana huficha nyufa zilizojazwa unga wa mbao na gundi. Weka kisanduku kwenye meza iliyo sawa. Kikicheza, au kifuniko kikikwama, huenda mbao haikukauka vizuri, na nyumbani kwenye hewa kavu itapasuka.

Bei: salimia kwanza, uliza maduka matatu bila kutaja yako, kisha jiwekee kikomo. Akisema dirham 400 na kikomo chako ni 250, anza na 180, panda kidogo kidogo. Ukichukua viwili, dai punguzo la jumla. Ila usitaje bei usiyo tayari kulipa. Akiikubali halafu ukaondoka, umemvunjia heshima, na ana haki ya kukasirika. Beba noti ndogo ndogo.