Mzee akianza kutoona vizuri, usiseme tu ni uzee

Nyumbani kwetu Bukavu tuna wazee wawili wenye shida ya macho, na magonjwa yao hayafanani. Mama mkubwa alikuwa na mtoto wa jicho: lenzi iliingia ukungu, taa za magari usiku zikawa zinamchoma, maharage akayachambua kwa kupapasa. Alipasuliwa, akawekewa lenzi ya bandia. Sasa anatukemea tukiacha kijiwe sufuriani. Huo ndio ugonjwa unaopofusha watu wengi zaidi duniani, na upasuaji wake ni mfupi.

Anayenisumbua moyo ni baba mdogo. Biblia yake aliisoma bila taabu, lakini kule sokoni Kadutu alikuwa anagongana na watu, na pikipiki ikitokea pembeni alishtukia imeshafika. Hakusikia maumivu yoyote. Kumbe ni glakoma: mara nyingi tansiyo (presha) ya jicho hupanda na kuua mshipa wa kuonea taratibu, kuanzia pembeni, na kilichopotea hakirudi. Sisi Waafrika hutupata mapema na kwa ukali zaidi. Na tansiyo ya damu kuwa sawa si kusema ya jicho iko sawa. Kila moja ina kipimo chake.

Kwa hiyo nawasihi, msimwambie mzee asubiri mtoto wa jicho “aive”. Mpelekeni apimwe tansiyo ya macho, na mshipa wenyewe uangaliwe. Mwenye ugonjwa wa sukari aangaliwe retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Akilalamika kwamba mistari iliyonyooka anaiona imepinda, au uso wa mtu umefifia katikati, hapo asikawie hata wiki.

Matone ya farmasi yananikasirisha. Yale yenye kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, huondoa wekundu upesi, ndiyo maana watu wanaazimana. Ukiyatumia muda mrefu bila daktari yanapandisha tansiyo ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Majani ya kukamulia jichoni nayo yanaweza kuunguza kioo cha mbele cha jicho.

Matone ya glakoma ni ya kila siku. Hayarudishi kuona, yanalinda kulikobaki. Wengi huyaacha wakidhani hayafanyi kazi. Baba mdogo anaweka tone moja, anafumba, anabonyeza kona ya jicho karibu na pua kama dakika 2 ili dawa isishukie puani. Na kwa kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo, watoto na ndugu zake waliofikisha miaka 40 nao wapimwe. Mmoja wao anayekaa Uvira bado tunambembeleza apande gari aje.